Kusoma Sayansi ya Siasa Katika Vyuo vya Jamii vya California: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa ajili ya Waswahili wa California: waliofika kwa ukimbizi kutoka Kongo na Burundi, waliokuja na familia zao kutoka Kenya na Tanzania, na wazazi wanaotaka kujua mtoto anasomea nini hasa. Majimbo mengine yana taratibu zao. Ada na kanuni nazo hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipa au kujaza fomu yoyote zungumza na mshauri wa masomo wa chuo chako.

Chuo cha jamii ni chuo cha namna gani?

Ni chuo cha umma kinachofundisha miaka miwili ya mwanzo ya elimu ya juu, pamoja na kozi za ufundi. California ina vyuo 116 vya aina hii. Hakuna ushindani wa kuingia. Mwenye miaka 18 anapokewa, awe na cheti cha sekondari au asiwe nacho. Ukikamilisha miaka hiyo miwili unahamia chuo kikuu na kuanza mwaka wa tatu, na shahada utakayopewa mwishoni ni ya chuo kikuu hicho, sawa na ya mwenzako aliyeanzia pale tangu siku ya kwanza.

Wazazi wengi wa kwetu husikia habari hii wakadhani ni mahali pa waliofeli. Sivyo. Antonio Villaraigosa alisoma East Los Angeles College, akahamia chuo kikuu cha UCLA, na kuanzia 2005 hadi 2013 alikuwa meya wa Los Angeles. Njia hii iliwekwa makusudi na jimbo ili mtoto wa dereva na mtoto wa daktari wafike darasa moja la mwaka wa tatu.

Kusomea siasa si kusomea uanasiasa?

Wachache huishia kugombea. Wengi hujifunza kusoma sheria, kufuatilia pesa ya umma inatoka wapi na kwenda wapi, na kueleza kwa maandishi kwa nini jambo limeamuliwa hivi na si vile. Sisi tuliotoka nchi ambazo siasa ilitufukuza nyumbani tuna sababu ya kulielewa somo hili kuliko wengi. Mtoto akikuambia amelichagua, usimkatishe tamaa kabla hujamuuliza anataka kuelewa nini.

Nitasoma kozi zipi?

Kozi ya kwanza ni ya serikali na siasa ya Marekani. Kuanzia muhula wa vuli wa 2025 vyuo vya jamii vilianza kuipa namba moja jimbo zima, POLS C1000, ili mwanafunzi akitoka chuo kimoja kwenda kingine asiambiwe kozi yake haijulikani. Humo utasoma Katiba ya 1787, marekebisho 10 ya mwanzo yaliyopitishwa 1791, kesi ya Marbury dhidi ya Madison ya 1803 iliyoipa mahakama nguvu ya kubatilisha sheria, na kesi ya Brown ya 1954 iliyokataza kutenga shule kwa rangi. Utasoma pia California yenyewe, hasa utaratibu wa wananchi kupitisha sheria moja kwa moja kwa kura, ambao upo tangu 1911.

Usiipite haraka sehemu hiyo ya California, kwa sababu inahusu ada yako. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13 lililobana kodi ya majengo. Vyuo vya jamii vilikuwa vikitegemea sana kodi hiyo, na baada ya hapo uamuzi mkubwa wa fedha ukahamia Sacramento, makao makuu ya jimbo. Mwaka 1984 wanafunzi wakaanza kutozwa ada ya jimbo, dola 5 kwa yuniti, yaani kipimo cha ukubwa wa kozi. Tangu 2012 ni dola 46. Kura ya miaka mingi iliyopita ndiyo unayoilipia unapojisajili, na hakuna somo bora la siasa kuliko hilo.

Baada ya hiyo huja siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia ya siasa, na utangulizi wa sayansi ya siasa kwa ujumla. Si kila chuo hufundisha zote kila muhula. Chuo kidogo huweza kutoa nadharia ya siasa mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo itazame ratiba ya mwaka mzima kabla hujapanga.

Kwenye siasa linganishi usiache nyumbani ulichokuja nacho. Profesa akizungumzia mgawanyo wa madaraka kati ya Washington na majimbo, Katiba ya Kenya ya 2010 na kaunti zake 47 ni mfano unaostahili insha. Hivyo hivyo Katiba ya Kongo ya 2006, iliyotaka mikoa 26 lakini mikoa hiyo ikaundwa 2015, miaka tisa baadaye. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya urais tarehe 1 Septemba 2017, ilifanya jambo ambalo wanafunzi wenzako hawajawahi kuliona kwao. Kwenye uhusiano wa kimataifa, Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kunatosha kwa karatasi ya muhula mzima. Na usidhani taaluma hii haina watu wetu: Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa profesa wa sayansi ya siasa Makerere, Michigan na Binghamton.

Je, lazima nijue nitahamia wapi tangu mwanzo?

Hili ndilo jibu ninaloomba ulisome mara mbili. Kuingia chuo cha jamii ni rahisi. Kutoka ukiwa na yuniti zinazohesabika ndiyo kazi. Nimeona vijana wenye akili na bidii wakikaa miaka minne mahali pa miaka miwili, na si kwa kufeli. Walichukua kozi iliyokuwa na nafasi, au iliyopendekezwa na rafiki, au iliyolingana vizuri na saa za kazi, kisha wakagundua chuo kikuu walichokitaka hakiihitaji. Pesa imekwenda, muda umekwenda, na msaada wa fedha nao una kikomo.

Kwa hiyo andika majina ya vyuo vikuu vitatu unavyovitaka kabla ya muhula wa pili. Unaweza kubadilisha mawazo baadaye, lakini anza na majina. Kisha fungua tovuti ya ASSIST, ambayo ni rasmi na ya bure. Unachagua chuo chako cha jamii upande mmoja na chuo kikuu upande mwingine, na inakuonyesha kozi gani ya huku inakubaliwa mahali pa kozi gani ya kule kwa shahada ya sayansi ya siasa. Utashangaa: kampasi moja inataka takwimu, nyingine inataka kozi kadhaa za siasa ulizomaliza kabla ya kuhamia, nyingine haijali sana. Chapisha kurasa hizo uende nazo kwa mshauri. Ukiwa nazo mkononi mazungumzo hayawi ya jumla tena.

Juu ya kozi za siasa kuna masomo ya msingi ambayo kila anayehamia huyahitaji. Mpango wa sasa unaitwa Cal-GETC, una kozi 11 zenye yuniti 34: uandishi, fikra tunduizi, kuzungumza mbele ya watu, hesabu, sanaa na fasihi, sayansi ya jamii, sayansi asilia pamoja na maabara, na masomo ya makabila na jamii za Marekani. Waliosajiliwa kabla ya vuli 2025 wanaweza kuwa chini ya mpango wa zamani, na hilo mshauri atakuangalizia.

CSU na UC zinatofautiana vipi?

CSU ni California State University, na UC ni University of California. Zote mbili ni mifumo ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo. San Diego State iko chini ya CSU. UC San Diego, kama jina linavyoonyesha, iko chini ya UC.

Kwa CSU, njia iliyonyooka ni shahada ya miaka miwili ya uhamisho, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2010. Kwa sayansi ya siasa inakuwa na yuniti 60 kwa jumla, na kati ya hizo zisizopungua 18 ni za somo lenyewe, kila kozi ukiwa na alama C au zaidi. Ukiipata umehakikishiwa nafasi ndani ya mfumo wa CSU, ingawa si lazima kampasi uipendayo, na ukifika huko hutatakiwa kusoma zaidi ya yuniti nyingine 60.

UC hutaka wastani wa alama usiopungua 2.4 kati ya 4.0 kwa mkazi wa California, lakini usilenge hapo, kwa sababu wanaochaguliwa huwa na zaidi. Kampasi 6, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zina mkataba uitwao TAG. Ukitimiza masharti yao, nafasi ni yako. Unaruhusiwa kuomba TAG kwenye kampasi moja tu. Berkeley, UCLA na San Diego hazishiriki, huko unaingia kwa ushindani wa kawaida.

Itanigharimu kiasi gani?

Kwa mkazi wa California, yuniti 15 kwa dola 46 ni dola 690 kwa muhula. Linganisha na CSU, ambako karo ya mwaka wa 2025–26 ni dola 6,450 kabla ya ada za kampasi.

Wengi wa jamii zetu hawalipi hata hiyo 690. California College Promise Grant hufuta ada ya yuniti kwa familia zenye kipato kidogo, na vyuo vingi vina mpango wa miaka miwili bila ada kwa anayeanza chuo na kusoma muda wote. Kisha kuna Pell Grant ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa 2025–26 ni dola 7,395. Hiyo hairudishwi, si mkopo. Inaombwa kwa fomu ya FAFSA. Wasio na hati lakini waliosoma California miaka ya kutosha waulize kuhusu AB 540, sheria ya kuwaruhusu kulipa ada ya mkazi, na fomu ya California Dream Act.

Vitabu ndivyo huwashtua watu. Kwenye ratiba ya kozi tafuta alama inayoonyesha kozi isiyo na gharama ya vitabu. Kwa sayansi ya siasa zipo nyingi, maana sehemu kubwa ya tunachosoma, Katiba, hukumu za mahakama, makala za James Madison aliyeshiriki kuandika Katiba hiyo, ni mali ya umma.

Nimefika California miezi michache iliyopita. Nitahesabiwa mkazi?

Kanuni ya kawaida ni kuishi jimboni mwaka mmoja na siku moja kabla ya muhula kuanza, ukiwa na nia ya kubaki. Mkimbizi aliyeletwa moja kwa moja California ana unafuu wake: sheria ya 2017 inamruhusu kulipa ada ya mkazi katika chuo cha jamii wakati anasubiri mwaka huo utimie. Ofisi ya usajili huenda isikuambie usipouliza. Nenda na hati yako ya kuingilia nchini.

Vyeti vyangu vilipotea njiani. Nitaanzaje?

Kujisajili hakukuzuiwi na jambo hilo ukiwa na miaka 18. Msaada wa fedha ndio hudai uthibitisho wa kumaliza sekondari. Mwenye Diplôme d'État ya Kongo, KCSE ya Kenya, au cheti cha kidato cha nne au cha sita cha Tanzania akipeleke kwa kampuni ya kutathmini vyeti vya nje inayokubaliwa na chuo. Asiye na chochote afanye GED, mtihani unaosimama mahali pa cheti cha sekondari. Shule za watu wazima huandaa watu kwa mtihani huo bila malipo, na unaweza kusoma huko huku ukichukua kozi moja chuoni.

Kiingereza changu bado. Nisubiri?

Usisubiri miaka. Tangu sheria ya AB 705 ya 2017, vyuo haviruhusiwi kukuzungusha kwenye madarasa ya chini yasiyohesabika bila sababu. Kuna kozi za Kiingereza kwa wanaojifunza lugha, na kuna darasa la uandishi la kiwango cha chuo kikuu lenye saa za ziada za kusaidiwa. Ila sayansi ya siasa ni somo la kusoma kurasa nyingi. Ningekushauri umalize uandishi wa kwanza kabla ya nadharia ya siasa. POLS C1000 unaweza kuichukua pamoja na uandishi muhula huo huo.

Kiswahili na Kifaransa chako ni mtaji pia. UCLA na Berkeley, kwa mfano, hudai lugha ya kigeni kwa shahada nyingi. Muulize mshauri namna ya kuthibitisha lugha unayoijua tayari kabla hujalipia mihula ya Kihispania.

Kuna hesabu?

Kuna takwimu, na usiikwepe. Tafiti za maoni ya wapiga kura, ramani za majimbo ya uchaguzi, bajeti, vyote vinasomwa kwa takwimu. Kozi ya takwimu, STAT C1000, hutimiza hesabu ya msingi na mara nyingi huhesabika kwenye somo kuu.

Profesa anataka nini kwenye insha?

Anataka hoja yako. Sisi tuliosomea Afrika Mashariki tulifundishwa kunakili ubaoni na kurudisha tulichopewa, neno kwa neno, na tulisifiwa kwa hilo. Hapa, kurudisha maneno ya mwingine bila kumtaja ni kosa la nidhamu linaloweza kukufelisha kozi. Anza na sentensi moja inayosema unadai nini. Kisha leta ushahidi, kisha taja hoja ya anayekupinga na umjibu kwa heshima. Mwanafunzi aliyesikiliza wazee wakiamua ugomvi wa shamba anajua tayari kupima pande mbili, na hilo ndilo linalotakiwa karatasini.

Kimya darasani husomwa kama kutojali, ingawa kwetu ni adabu. Alama za ushiriki zipo. Tumia pia saa za ofisini za profesa: huhitaji kuwa na tatizo ili uende. Barua ya mapendekezo utakayoihitaji baadaye huandikwa na anayekufahamu kwa jina.

Nafanya kazi usiku. Nitaweza?

Piga hesabu kwanza. Kozi ya yuniti 3 ni saa 3 za darasani na takriban saa 6 za kusoma nyumbani kwa wiki. Yuniti 12 ni saa 36, yaani kazi nyingine kamili. Mwenye zamu ghala la mizigo usiku achukue yuniti 6 na afaulu vizuri. Kozi za mtandaoni zipo, lakini zinamtaka mtu anayejisimamia. Ulizia EOPS, mpango unaompa mwanafunzi wa kipato kidogo mshauri wake mwenyewe na msaada wa vitabu. Vyuo vingi vina pia mpango wa Umoja, ulioanzishwa kwa ajili ya wanafunzi Weusi na kufunguliwa kwa wote, wenye madarasa na washauri wanaokufuatilia.

Mimi si raia. Naweza kushiriki siasa?

Soma hapa taratibu. Chuoni utakutana na watu wenye kalamu na fomu wakiwahimiza wanafunzi wajiandikishe kupiga kura. Ni watu wema na wana haraka. Kama si raia, usijaze, hata kama una kadi ya kijani, hata kama anayekuandikisha anasema hakuna shida. Kupiga kura kwenye uchaguzi wa taifa au wa jimbo, au kudai uraia usio nao, kunaweza kukunyima uraia wa baadaye na hata kukufukuzisha nchini. Fuata tahadhari hiyo hiyo unapochukua leseni ya udereva, maana fomu yake inauliza habari za kura.

Yanayoruhusiwa ni mengi. Unaweza kujitolea kwenye kampeni bila malipo. Mwenye kadi ya kijani anaweza pia kuchangia pesa kampeni. Asiye nayo haruhusiwi kuchangia. Unaweza kuzungumza kwenye vikao vya umma, kumwandikia diwani, na kufanya kazi za serikali ya wanafunzi. Kila wilaya ya vyuo vya jamii lazima iwe na mwanafunzi kwenye bodi yake ya wadhamini.

Nje ya darasa nijifunze wapi?

Kwenye vikao. Sheria ya Brown ya 1953 (si ile kesi ya Brown) inazitaka halmashauri, bodi za shule na bodi za vyuo vya California zitangaze ajenda ya kikao cha kawaida saa 72 kabla, na zimruhusu mwananchi kusema. Haulizwi hati yoyote. Chagua chombo kimoja, halmashauri ya jiji au bodi ya mabasi, ukifuatilie muhula mzima. Soma ajenda kabla hujaenda. Tazama ni mambo gani yanapita kwa pamoja bila mjadala na nani huja kuyapinga. Mkazi wa City Heights, mtaa wa San Diego, akisimama kueleza kwa nini basi la saa kumi alfajiri linahitajika, anafanya sayansi ya siasa.

Nimefeli kozi. Nimeharibu kila kitu?

Hapana. Ukipata D au F unaweza kurudia, na alama mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani kwenye wastani wa chuo. Ukiona unazama, jiondoe kabla ya tarehe ya mwisho badala ya kutoweka kimya, kwa sababu anayetoweka hupewa F. Kama kilichokukwamisha ni ugonjwa, msiba au kufukuzwa kwenye nyumba, ulizia kujiondoa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako, ambako hakuhesabiwi dhidi yako. Ongea na ofisi ya msaada wa fedha kabla ya kujiondoa, maana huenda ukatakiwa kurudisha sehemu ya pesa.

Nauliza kama mzazi: atapata kazi gani?

Kwa shahada ya miaka miwili peke yake, tusidanganyane, milango ni michache: ukarani wa ofisi za umma, mashirika ya kuwahudumia wahamiaji, ofisi za mawakili akiongeza mafunzo ya usaidizi wa sheria. Kwa shahada ya kwanza anaweza kuwa msaidizi wa mbunge, mchambuzi wa bajeti ya jiji, mwandishi wa habari, mwalimu akiongeza leseni, au kwenda shule ya sheria. Shule za sheria hazidai somo maalumu la shahada ya kwanza. Zinadai alama na uwezo wa kusoma na kuandika. Mahakama, hospitali na wilaya za shule zinahitaji watu wanaojua Kiswahili, na mwenye Kiswahili anayeelewa pia serikali inavyofanya kazi ana nafasi kubwa zaidi ya kupandishwa cheo.

Niko Nairobi au Dar es Salaam. Nije kwa viza ya mwanafunzi?

Inawezekana, lakini hesabu ni nyingine. Utalipa ada ya asiye mkazi, mamia ya dola kwa kila yuniti, utatakiwa kusoma yuniti 12 kila muhula, na kazi utakayoruhusiwa ni ya kampasi kwa saa chache. Pell Grant haikuhusu. Kama familia haina fedha hizo taslimu, shahada ya kwanza ya nyumbani kisha ufadhili wa shahada ya pili huku ni njia salama zaidi.

Tarehe zipi nisikose?

Maombi ya TAG hutumwa Septemba, tarehe 1 hadi 30. Maombi ya UC na CSU kwa muhula wa vuli hutumwa kuanzia Oktoba 1 hadi mwisho wa Novemba. UC huweza kufuta ada ya maombi kwa kampasi hadi 4 kwa wenye kipato kidogo. Kwa Cal Grant, msaada wa fedha wa jimbo, tarehe ya mwisho ya kuomba ni Machi 2, na mwanafunzi wa chuo cha jamii ana nafasi ya pili hadi Septemba 2. Waliokwisha kutuma UC warudi Januari kujaza alama za vuli na kozi za muhula unaofuata, kabla ya tarehe 31. Fomu hiyo ni fupi na watu wengi huisahau.